Bandi

Meza yetu ilikuwa jiwe la Mabatini, nyuma ya choo.
Ndani hapakutosha kutandaza kitu kipana kuliko mkeka,
na mkeka wenyewe ulilala ukingo mmoja umekunjwa.
Basi Ng'walu alipanda na ndoo, akalisugua jiwe kwa gunzi,
akangoja likauke,
akamfukuza mjusi kichwa chekundu
aliyekuwa akitikisa kichwa kama karani anayekataa risiti.

Chini akatandika magunia manne ya unga, yaliyofumuliwa na kuunganishwa,
yaliyofuliwa hadi jina la kinu likabaki kivuli.
"Upande mzuri ulale kwenye jiwe. Ubaya ndio uangalie pamba."
Kisha pamba, ya kuombwa kwa shemeji yake kiwandani,
aliyoichambua kwa vidole usiku kucha
mpaka asubuhi sote tuna nyusi za wazee.
Kisha viraka:
khanga mbili za mama, ya harusi na ya kuuguzia,
shati la kazi la baba,
kipande cha pazia,
sketi yangu ya darasa la pili.

Upepo wa ziwani ulifika saa tano,
ukaingiza mkono katikati ya matabaka.
"Kalieni pembe!"
Tukakalia pembe, mimi, Sayi, na Lubango.
Ya nne akaiwekea pasi ya mkaa ya mama.

Akaanzia katikati.
Akisukuma mikunyanzi mbele kwa kiganja
kama mtu anayefagia maji kuelekea mlangoni.
Subana ya shaba, sindano ndefu,
uzi mweupe wa bei ya chini, usiofanana na rangi yoyote pale.
Mshono mmoja, urefu wa kidole. Ukafuata mwingine.
Lubango akacheka:
"Shangazi, huku si kushona, ni kuruka madimbwi."

(Hakuwa shangazi. Alikuja kwenye matanga na kikapu,
akasema nitakaa hadi arobaini.
Arobaini ikapita, vuli ikapita, masika nayo.
Kikapu hakukifungua chote.)

"Hii ni bandi," akasema, ncha ya uzi ikiwa kati ya meno.
"Usiipige fundo gumu. Inashika tu,
mpaka mshono wenyewe uje.
Ukiipendezesha utaona uchungu kuitoa."

Mshono wenyewe ulichukua miezi mitatu ya jioni,
koroboi ikimchoma pua.
Kila safu ilipokamilika tuligombania kuchomoa bandi.
Ilitoka kwa urahisi, ndefu, ya kupindapinda,
ikibaki na kumbukumbu ya matundu yake.
Haikutupwa. Ilifunga mifuko ya chumvi,
ilirusha tiara,
iling'oa jino la Sayi kwenye kitasa cha mlango.

Mwaka baba alipooa, Ng'walu alishuka bandarini
kupanda meli ya Nansio.
Hapakuwa na ugomvi. Mama mdogo alimpa sukari na miche miwili ya sabuni.
Sisi tulikuwa shule.
Tuliporudi kitanda chake kilikuwa kimetandikwa,
hakuna mkunyanzi hata wa dawa.

Mfarishi niko nao mimi sasa, Igoma.
Pamba imejikusanya pembeni, pazia limechanika.
Juzi, nikifumua ukingo ili niutie kitambaa kipya,
nimeuona: uzi mmoja mweupe, urefu wa kidole,
tulioupita wote watatu kwa pupa yetu,
umetoka kwenye khanga ya mama
umeingia kwenye shati la baba.
Haufanyi kazi yoyote. Mshono ulikwishafika miaka thelathini iliyopita.

Wembe ulikuwa mkononi.
Nikaukunja ukingo juu yake, nikaendelea upande wa pili.

Jioni nilimpigia Lubango kumwambia.
Tukaongea bei ya sato.